Namna ya Kupima Vipande vya Homoni za Peptidi kwenye Msuli Laini wa Utumbo

Kipande cha utumbo mwembamba wa simbilisi, chenye urefu wa sentimita mbili au tatu, kikifungwa uzi pande zote mbili na kutumbukizwa katika maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 37 na yanayopulizwa oksijeni, huendelea kuwa hai kwa saa kadhaa baada ya kutolewa mwilini. Ukikitonesha asetilikolini kidogo, kemikali ambayo neva huitumia kuuamuru msuli, husinyaa ndani ya sekunde chache. Ukikisuuza, hulegea na kurudi palepale kilipoanzia. Njia hii ya kupima utumbo nje ya mwili ilielezwa na Rudolf Magnus mwaka 1904, na mpaka leo bado ni mlango mzuri kwa mwanafunzi wa famakolojia au fiziolojia anayetaka kujua kipande cha homoni kinaufanyia nini msuli wa utumbo.

Wengi huridhika wakiona mstari wa kumbukumbu, ule unaochorwa na kifaa cha kupimia msinyao, umepanda, wakaandika kwamba peptidi fulani "husinyaza msuli". Hilo ni nusu ya jibu. Katikati ya tabaka la msuli wa urefu na lile la msuli wa mviringo umetandazwa mtandao wa neva wa Auerbach, na ziko peptidi ambazo haziugusi msuli hata kidogo, bali huziamsha neva hizo, nazo ndizo zinazouamuru msuli. Mstari utapanda vilevile katika hali zote mbili. Mwongozo huu unaeleza jaribio zima tangu peptidi ikiwa kwenye chupa, lakini sehemu ninayoomba isomwe kwa utulivu zaidi ni ile ya kutenganisha amri ya neva na kazi ya msuli wenyewe.

Jua ncha ipi ya mnyororo inafanya kazi

Homoni ya peptidi ni mnyororo wa asidi amino wenye mwanzo na mwisho: mwanzo huitwa ncha ya amino, na mwisho huitwa ncha ya kaboksili. Kabla hujaagiza kipande chochote, andika mnyororo mzima kwenye karatasi na uweke alama mahali kipande chako kilipokatwa, kwa kuwa nguvu ya homoni haikugawanywa sawasawa kwenye mnyororo wote.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni gastrini. Ile ya nguruwe ina asidi amino 17, lakini mwaka 1964 Gregory na Hilda Tracy wa Liverpool walionyesha kwamba nne za mwisho peke yake, yaani triptofani, methionini, asidi aspartiki na fenilalanini, zilitosha kuleta aina zote za athari walizozijua za homoni nzima, ingawa kwa nguvu pungufu. Kolesistokinini, ambayo nitaiita CCK, inamalizikia kwa asidi amino tano zilezile zinazomalizia gastrini. Ndiyo maana kipande cha nne za mwisho, CCK-4, ni kipande cha homoni zote mbili kwa wakati mmoja. Kipande cha nane za mwisho, CCK-8, kina jambo la ziada: tirosini, iliyo ya saba ukihesabu kutoka mwisho, imebeba salfeti. Kipokezi cha CCK1, mojawapo ya protini za seli ambazo CCK huzishika ili ifanye kazi, huitaka sana salfeti hiyo, na ukiiondoa nguvu ya CCK-8 juu yake hushuka kwa mamia ya mara. Kipokezi cha CCK2 hakijali sana, na kwa sababu hiyo hukubali gastrini na CCK-4 pia.

Dutu P, ambayo von Euler na Gaddum waliipata mwaka 1931 kwenye ubongo na utumbo wa farasi, ina asidi amino 11, na mpangilio wake ulijulikana mwaka 1971. Hapa pia mkia ndio wenye kazi: asidi amino sita za mwisho zinatosha kuusinyaza utumbo wa simbilisi. Lakini mkia huo lazima ufungwe kwa amidi, yaani kundi la nitrojeni linalochukua nafasi ya asidi kwenye ncha ya kaboksili. Peptidi ileile ikiwa na mwisho wa asidi huru hupoteza karibu nguvu yake yote, na muuzaji anaweza kukutumia moja badala ya nyingine ikiwa hukutaja neno "amidi" katika oda yako. Neurotensini, yenye asidi amino 13, hufanya kazi yake kwa sita za mwisho, kuanzia ya 8 mpaka ya 13. Motilini ni kinyume: ina asidi amino 22, na sehemu inayofanya kazi iko kwenye ncha ya amino.

Kutokana na hayo, agiza vipande vitatu, si kimoja: kipande unachokishuku kuwa na nguvu, kipande kilichobaki cha mnyororo uleule, na kile cha kwanza kikiwa na mwisho wa asidi huru badala ya amidi. Viwili vya mwisho ndivyo mashahidi wako. Vikinyamaza wakati cha kwanza kinasema, umepata habari ya kuaminika. Vyote vitatu vikisema sawasawa, shuku mmumunyo kabla ya kuishuku homoni.

Peptidi kwenye chupa

Majaribio mengi huharibika hapa, kabla hata mnyama hajaguswa. Unga mweupe ulio chini ya kichupa si peptidi tupu. Una maji, na una chumvi iliyobaki kutokana na usafishaji, mara nyingi trifluoroasetati. Tafuta kwenye cheti asilimia ya peptidi halisi. Tuseme una miligramu 1 ya CCK-8 yenye salfeti, na cheti kinasema peptidi halisi ni asilimia 80. Unachomiliki ni miligramu 0.8. Uzito wa molekuli ni takriban 1143, kwa hiyo una mikromoli 0.7, na ukiiyeyusha katika mililita 0.7 utapata mmumunyo wa milimola 1. Aliyepuuza asilimia hiyo atadhani kipande chake ni dhaifu kuliko kilivyo, na kosa hilo atalibeba katika kila nukta ya grafu yake.

Kila peptidi ina maji yake. CCK-8 ina asidi aspartiki mbili na salfeti, hivyo huyeyuka vizuri katika mmumunyo wenye alkali kidogo, kama vile bikaboneti ya sodiamu au amonia hafifu. Asidi isiisogelee, kwa sababu salfeti iliyo kwenye tirosini hukatwa na asidi na utabaki na peptidi nyingine kabisa huku lebo ikisema ileile. Dutu P ni kinyume chake. Ina arginini na lisini, ina chaji chanya, na huyeyushwa vizuri katika asidi ya asetiki hafifu ya molari 0.01. Chaji hiyo chanya ndiyo huifanya ing'ang'anie ukuta wa glasi. Niliwahi kupoteza wiki mbili nikitafuta kwa nini dozi ndogo za dutu P hazikuleta chochote ilhali kubwa zilifanya kazi vizuri. Mimumunyo yangu ilikuwa sahihi kwenye daftari, lakini nilikuwa naizimua kwenye mirija ya glasi, na sehemu kubwa ya peptidi ilikuwa imebaki ukutani mwa mirija. Tumia mirija ya polipropilini, na katika mimumunyo ya chini ya mikromola 1 weka albumini ya ng'ombe kwa kiasi cha asilimia 0.1 ili ishike nafasi za kung'ang'ania badala ya peptidi.

Methionini ni udhaifu mwingine. CCK-8 inazo mbili, dutu P inayo moja mwishoni kabisa, na oksijeni ya hewa huzigeuza na kupunguza nguvu ya peptidi. Gawa mmumunyo mzito katika mafungu madogo ya matumizi ya siku moja, yahifadhi kwenye friza la nyuzi 20 au 80 chini ya sifuri, na fungu likishayeyuka lisirudishwe. Mimumunyo iliyozimuliwa ikae kwenye barafu mezani na itupwe jioni.

Mnyama, maji na uzi

Simbilisi anapendwa kwa kazi hii kwa sababu utumbo wake hutulia wenyewe: mstari wa chini unakuwa mnyoofu, na kila msinyao unaonekana wazi. Utumbo wa sungura hucheza wenyewe bila kuguswa, ukisinyaa na kulegea kwa mwendo wa pendulamu, jambo linalosumbua ukitafuta msinyao lakini linalosaidia ukitafuta peptidi inayolegeza. Sungura pia ndiye wa kutumia kwa vipande vya motilini, hasa sehemu ya duodenamu. Panya hafai, kwa kuwa hana kipokezi cha motilini kinachofanya kazi. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na huko Kivu simbilisi hufugwa majumbani, na kumpata si vigumu, ila aliyenunuliwa mtaani akae kwenye banda la maabara kwa wiki moja au zaidi, ale chakula kimoja na wenzake, na uandike uzito na jinsia yake. Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama kipatikane kabla ya kumleta, na auawe na mtu aliyefunzwa, kwa njia ya haraka isiyomtesa. Mnyama mmoja hutoa vipande vingi vya utumbo. Panga kazi ili visipotee.

Maji ninayoyapendekeza ni ya Krebs. Kwa lita moja weka kloridi ya sodiamu gramu 6.9, kloridi ya potasiamu 0.35, salfeti ya magnesiamu yenye maji saba 0.30, fosfeti ya potasiamu 0.16, bikaboneti ya sodiamu 2.1 na glukosi 2.0. Puliza gesi yenye oksijeni asilimia 95 na kaboni dayoksaidi asilimia 5 kwa dakika kama kumi, ndipo uweke kloridi ya kalisi yenye maji mawili, gramu 0.37. Ukiitanguliza kalisi kabla ya gesi, maji yatageuka kuwa na ukungu mweupe, na hiyo ni kalisi iliyoganda ambayo msuli hautaiona tena. Maabara nyingi zina mazoea ya mmumunyo wa Tyrode, nao ni mzuri, lakini bikaboneti yake ni karibu nusu ya hii. Ukiupulizia gesi hiyohiyo, pH itashuka karibu na 7.1 badala ya 7.4. Wenye Tyrode hupuliza oksijeni au hewa ya kawaida.

Fungua tumbo, tafuta mahali utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana, rudi nyuma sentimita kumi na uziache hizo, kisha kata unachohitaji. Kiweke kwenye sahani ya maji ya Krebs. Ingiza pipeti mdomoni mwa utumbo na usukume maji polepole mpaka yaliyomo yatoke. Usibane kwa vidole, maana ukibana unaziua neva ambazo ndizo unataka kuziuliza maswali. Ondoa utando ulioshikilia utumbo kwa mkasi mdogo. Kata kipande cha sentimita mbili hadi tatu. Sasa angalia mdomo wa kipande: ukuta wake ni mwembamba kama karatasi ya kufungia sigara, na sindano yenye uzi inapaswa kupita upande mmoja tu wa ukuta, si kuushona mdomo wote ukafumba. Mdomo ukifumba, maji hayapiti ndani na dozi haiufikii ukuta sawasawa. Funga uzi wa chini kwenye kishikizo cha bafu la tishu, chombo cha maji ya Krebs ambamo kipande huning'inia, na wa juu kwenye kihisi cha nguvu, uvute mpaka mkazo wa gramu 0.5 hadi 1, kisha uuache utulie kwa dakika 45 mpaka saa moja, ukibadilisha maji kila dakika kumi na tano.

Dozi ya kwanza si ya peptidi

Anza na asetilikolini. Mpe utumbo nanomola 10, kisha 30, 100, 300 na kuendelea, kila dozi ikikaa sekunde 30 na kusuuzwa, na muda wa dakika nne au tano kati ya dozi na dozi. Rudia dozi moja ya katikati mpaka misinyao mitatu mfululizo ilingane. Kipande ambacho hakilingani hakifai, hata kama kinasinyaa kwa nguvu. Kitoe, ufunge kingine. Kilele cha asetilikolini ndicho kitakuwa asilimia 100 yako, na misinyao yote ya peptidi utaipima dhidi yake.

Hesabu ya dozi iwe rahisi kiasi cha kuifanya kichwani. Bafu likiwa na mililita 20, mililita 0.2 za mmumunyo wa mikromola 1 hutoa nanomola 10. Usizidishe mililita 0.4 kwa dozi moja, usije ukapoza bafu na kusoma athari ya baridi ukidhani ni homoni. Mara moja kila siku tia kiasi hichohicho cha maji uliyoyeyushia peptidi, yakiwa na albumini na asidi au alkali yake lakini bila peptidi yenyewe. Nimeona misinyao midogo mizuri iliyosababishwa na asidi ya asetiki peke yake.

Peptidi haziruhusu haraka ya asetilikolini. Vipokezi vyake huchoka: ukirudia dutu P kila dakika tano, msinyao wa tatu utakuwa mdogo kuliko wa kwanza ingawa dozi ni ileile, na ukiendelea utumbo utanyamaza. Acha peptidi mpaka msinyao ufike kileleni, suuza mara mbili au tatu, kisha subiri dakika 15 hadi 20. Kwa peptidi inayochosha sana, toa dozi moja tu kwa kila kipande cha utumbo na utumie vipande vingi. Siku inakuwa ndefu, lakini hakuna njia ya mkato hapa.

Ni msuli au ni neva?

Sasa una grafu inayoonyesha kwamba CCK-8 husinyaza utumbo wa simbilisi kuanzia kwenye nanomola, na dutu P vilevile. Kwa macho misinyao hiyo inafanana. Utenganishe kwa hatua hizi, kila hatua kwenye kipande cha utumbo ambacho tayari unajua jibu lake la kawaida.

Kwanza weka atropini, mikromola 1, usubiri dakika kumi na tano hadi ishirini, na uhakikishe kwamba asetilikolini haifanyi kitu tena. Rudia peptidi. Msinyao wa dutu P utabaki kwa sehemu kubwa, na hili si jambo jipya: von Euler na Gaddum waliitambua dutu hiyo kwa sababu ilisinyaza utumbo wa sungura ulioshatiwa atropini. Msinyao wa CCK-8, kwa upande mwingine, utapungua sana. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ilipita kwenye asetilikolini iliyotolewa na neva.

Lakini usisimame hapo, kwa sababu atropini huzuia kipokezi cha asetilikolini tu, na neva za utumbo zina zaidi ya sauti moja. Hatua ya pili ni tetrodotoksini, mikromola 0.3 hadi 1, ambayo huzuia mikondo ya sodiamu na kuzinyamazisha neva zote huku msuli laini ukibaki na uwezo wake. Kuthibitisha hilo, mpe utumbo asetilikolini: ukisinyaa kama kawaida, msuli ni mzima. Sasa rudia peptidi zote mbili. Dutu P itaendelea kusinyaza. CCK-8 itakuwa karibu imenyamaza kabisa, hata ile sehemu ndogo iliyovuka atropini. Tofauti kati ya atropini na tetrodotoksini ndiyo yenye utamu wa jaribio hili, kwa sababu inakuambia kwamba neva zilikuwa zinatoa kitu kingine zaidi ya asetilikolini. Ukitaka kujua ni kitu gani, uchoshe utumbo kwa dutu P nyingi mpaka usiijibu tena, ukiwa bado na atropini ndani, kisha mpe CCK-8: masalio yale hupungua. Kumbe homoni moja ya peptidi iliziamsha neva, na neva zikatoa peptidi ya pili, na hiyo ya pili ndiyo iliyougusa msuli. Mwanafunzi aliyesimama kwenye atropini asingeliona hilo.

(Tetrodotoksini ni sumu inayoua kwa kiasi kidogo sana na haina dawa ya kuipinga. Ivaliwe glavu, isipimwe ikiwa unga, ifungiwe kabatini, na kiasi kinachotumika kiandikwe kila siku. Wala kipande chochote cha homoni kisijaribiwe kwa mtu kwa sababu tu "ni cha asili ya mwili". CCK-4 ikidungwa kwenye mshipa humletea mtu hofu kali kwa dakika kadhaa.)

Hatua ya tatu ni dawa pinzani za vipokezi. Devazepidi huzuia CCK1, na L-365,260 huzuia CCK2. Kwenye utumbo wa simbilisi vipokezi vyote viwili vina mkono katika kazi ya CCK-8, ilhali CCK-4, ambayo inahitaji ukolezi mkubwa zaidi, hupitia zaidi CCK2. Hapa ndipo vipande vinapoanza kueleza kitu ambacho homoni nzima isingeweza kukieleza: kwa kukata mnyororo umetenganisha milango miwili iliyokuwa imefunguliwa kwa ufunguo mmoja.

Neurotensini itakutatiza kwa namna yake. Kipande cha 8 mpaka 13 huulegeza kwanza utumbo wa simbilisi, kisha huusinyaza. Apamini, ambayo hupatikana kwenye sumu ya nyuki na huzuia aina fulani ya njia za potasiamu, huondoa ule mlegeo wa mwanzo, na atropini hupunguza msinyao unaofuata. Soma mwendo wote wa mstari, si kilele pekee.

Ndani ya seli ya msuli mambo ni machache na yanaeleweka vizuri. Dutu P ikishika kipokezi chake cha NK1, kimeng'enya cha fosfolipasi C huamshwa, kalisi hupanda ndani ya seli na kuungana na kalmodulini, na kimeng'enya cha kinasi kinachoamshwa nayo huiwekea miosini fosfeti, ndipo msuli husinyaa. Peptidi ya VIP, yenye asidi amino 28, hupandisha AMP ya mzunguko, kijumbe cha ndani ya seli, na kuulegeza msuli. Kwa hiyo, ukishathibitisha kwamba peptidi inaugusa msuli, jaribio la maji yasiyo na kalisi au la nifedipini, dawa inayoizuia kalisi isiingie kwenye seli, litakuonyesha ni kiasi gani cha kalisi kilitoka nje ya seli.

Vipande vinavyonyamazisha

Kuna vipande ambavyo ukivitonesha kwenye utumbo uliotulia hutaona lolote, ukadhani havina kazi. Mwaka 1975 Hughes na Kosterlitz pamoja na wenzao, wakifanya kazi Aberdeen huko Uskoti, walieleza enkefalini mbili kutoka ubongo wa nguruwe, kila moja ikiwa na asidi amino tano tu. Mojawapo, enkefalini ya methionini, ilionekana papo hapo kuwa sawa na asidi amino ya 61 mpaka ya 65 za beta-lipotropini, homoni ya pituitari yenye mnyororo wa asidi amino 91. Baadaye ilifahamika kwamba mwilini enkefalini hiyo hutoka hasa kwenye protini nyingine mama, lakini mpangilio wake umo kweli ndani ya beta-lipotropini, na beta-endofini, ambayo ni ya 61 mpaka 91, huanza kwa asidi amino hizohizo tano.

Ili kuiona kazi ya enkefalini, lazima kwanza uzifanye neva zizungumze. Weka waya mmoja wa platinamu ndani ya utumbo na mwingine nje, upige mpigo mmoja wa umeme wa milisekunde 0.5 kila sekunde 10. Kila mpigo utatoa mruko mmoja mfupi, na atropini au tetrodotoksini itaufuta, ushahidi kwamba unatoka kwenye neva. Acha miruko ilingane kwa nusu saa. Kisha tonesha enkefalini: miruko itafupika mmoja baada ya mwingine, na ukiweka naloksoni, dawa inayozuia vipokezi vya enkefalini, itarudi kimo chake. Hapohapo mpe asetilikolini ya nje na utaona msuli unaijibu kama kawaida. Kipande hiki hakikuugusa msuli. Kiliizuia neva isitoe asetilikolini.

Vimeng'enya vinavyokula peptidi yako

Ukuta wa utumbo ni kazi yake kusaga peptidi, na hautaibagua ya kwako. Ikiwa kipande kifupi kinaonekana dhaifu kuliko kirefu, jiulize kwanza kama hakikuliwa kabla ya kufika. Sérgio Ferreira wa Brazili alionyesha mwaka 1965 kwamba dondoo la sumu ya nyoka jararaca huzidisha kazi ya bradikinini, peptidi ya asidi amino tisa inayousinyaza utumbo wa simbilisi polepole. Peptidi za sumu hiyo zilikuwa zinazuia kimeng'enya kinachoikata bradikinini, kilekile kinachozalisha angiotensini II, na kaptoprili, dawa ya shinikizo la damu, ilizaliwa kutokana na njia hiyo.

Kwenye bafu lako tumia kaptoprili kwa kimeng'enya hicho, thiorfani kwa neprilisini, kimeng'enya kingine kinachokata peptidi, na bestatini kwa vimeng'enya vinavyokata kuanzia ncha ya amino. Enkefalini huhitaji vyote vitatu; dutu P na CCK-8 huhitaji zaidi thiorfani. Pima kila kipande mara mbili, bila vizuizi na pamoja navyo. Ikiwa tofauti ya nguvu kati ya kirefu na kifupi inatoweka vizuizi vikiwapo, basi ulikuwa unapima ulaji wa vimeng'enya na si uwezo wa kushika kipokezi.

Hesabu

Chora msinyao kwa asilimia ya kilele cha asetilikolini dhidi ya logi ya ukolezi, na usome ukolezi unaoleta nusu ya kilele cha peptidi yenyewe. Linganisha nguvu za vipande viwili ikiwa tu mistari yao iko sambamba na vilele vyao vinalingana. Kipande chenye kilele kifupi kina tatizo la aina nyingine, na kukipa namba moja ya nguvu ni kumdanganya msomaji.

Kwa dawa pinzani, pima ni mara ngapi mstari umesogea kulia. Tuseme naloksoni ya nanomola 10 imeusogeza mstari wa enkefalini mara 6. Toa 1, unabaki na 5. Gawa 10 kwa 5, unapata nanomola 2, ambayo ndiyo kipimo cha mshiko wa naloksoni kwenye kipokezi kile, na ni namba ya kawaida kwa vipokezi vya mu, aina mojawapo ya vipokezi vya enkefalini, kwenye utumbo wa simbilisi. Rudia kwa ukolezi mwingine wa naloksoni angalau mara mbili. Namba isipobadilika, ushindani ni wa kweli. Ikibadilika, kipo kipokezi cha pili, au kimeng'enya, au uchovu wa tishu.

Hesabu wanyama, si vipande. Vipande sita kutoka kwa simbilisi mmoja ni mnyama mmoja aliyepimwa mara sita. Na katika daftari, pembeni mwa kila msinyao, andika saa, namba ya fungu la peptidi, tarehe ya kuyeyushwa kwake, asilimia ya peptidi halisi, kama ncha ya kaboksili ina amidi au asidi huru, na aina ya mirija uliyozimulia.